Kilomita Zilizofukuzwa

Kilomita zilizobaki kufika Malé zilikuwa mia nne na ishirini, na muda wote ambao Mselem alitumia kuimaliza chai yake hazikupungua hata moja.

Kapteni Zuweina binti Hamdani aliliona jambo hilo kabla ya msaidizi wake, lakini alinyamaza. Alikuwa na tabia ya kuipa hofu nafasi ijiondokee yenyewe. Alikigusa kioo cha umbali kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, akatazama nje. Mapanga ya injini yalizunguka sawasawa pande zote mbili, na upepo ulikuwa wa kawaida. Ndege ilikuwa inakwenda kwa mwendo wake uleule iliokuja nao kutoka Maskati asubuhi. Ni Malé ndiyo iliyogoma kusogea.

"Kapteni," Mselem alisema, akiweka kikombe chini taratibu. "Umeona?"

"Nimeona."

"Mia nne na ishirini na tatu sasa."

"Nimeona, Mselem."

Mselem alikuwa mtu wa Chake Chake, mpole, baba wa mapacha, na kwa miaka minne aliyoruka pamoja na Zuweina hakuwahi kupandisha sauti ndani ya chumba cha marubani. Hata sasa hakuipandisha. Alifungua tu kola ya shati lake na kuanza kupiga hesabu ya mafuta, huku midomo ikicheza bila kutoa neno.

Zuweina aliitazama bahari. Mchana ule ilikuwa na mawimbi madogo meupe, yale ambayo kwa kawaida hujaa kila mahali kama mchele uliomwagika. Sasa yalikuwa yameachana. Kati ya wimbi na wimbi palikuwa na uwanda wa maji laini, mpana, usio na sababu ya kuwapo. Mbele kidogo kulikuwa na meli ya makontena, na mkia wa povu nyuma yake ulikuwa umevutwa ukawa mrefu na mwembamba kupita kiasi.

"Wamefungua Mkunjo tena," alisema.

"Mara ya tatu leo," Mselem alijibu. "Nilisikia redioni tulipokuwa bado tunaiona pwani. Mahujaji wanarudi kwao. Nikadhani watapumzika, bahari itulie."

Miaka sita iliyopita, Shirika la Mkunjo lilipoanza kuwasafirisha watu kutoka Jidda hadi Jakarta kwa dakika arobaini badala ya saa tisa na nusu, dunia nzima ilipiga makofi. Zuweina mwenyewe alipiga. Kilomita elfu saba na mia tisa zilikunjwa kama mkeka, ndege ikapita kwenye mkunjo, mkeka ukakunjuliwa. Watu wakaamini kwamba umbali ule umekufa. Kumbe haukufa, ulisukumwa pembeni. Kila Mkunjo ulipofunguliwa, kilomita zilizofukuzwa pale zilikwenda kutawanyika juu ya bahari, mbili huku, tano kule, na ndege za kawaida zilizokatiza njia ile zikajikuta zinasafiri mbali kuliko ramani inavyosema. Mashirika yakaongeza mafuta kidogo, yakapandisha nauli kidogo, abiria wakazoea kuchelewa. Mradi Mkunjo ulifunguliwa mara mbili kwa siku na bahari ikapewa nafasi ya kujirudi, hakuna aliyelalamika kwa nguvu.

Leo bahari haikupewa nafasi.

"Tuna mafuta ya kilomita mia tano na hamsini," Mselem alisema. "Na zilizobaki ni mia nne na thelathini na moja. Tukigeuka tunarudi kwenye umbali mwingine mkubwa zaidi. Hakuna kiwanja kingine."

Nyuma yao walikuwa abiria mia moja na kumi na wawili, wengi wao wakisinzia baada ya chakula.

* * *

Zuweina aliita waongozaji wa Mkunjo kwenye masafa yao ya redio. Alijibiwa na mwanamume mwenye sauti ya upole sana, sauti ya mtu anayekaa kwenye chumba chenye baridi nzuri.

"Umbali unatufurikia," Zuweina alimwambia. "Nakuomba usimamishe ufunguzi unaofuata."

"Kapteni, kwa sasa kuna ndege ndani ya Mkunjo. Haiwezekani kuufunga mpaka itoke. Nyingine iko kwenye mstari, nayo imeshapewa ruhusa."

"Inyang'anye ruhusa."

"Sina mamlaka hayo. Lakini wewe una nanga, Kapteni. Itumie. Ndiyo kazi yake."

Nanga ilikuwa ni vifundo viwili vyekundu, kimoja pembeni mwa kila kiti, na havikufanya kazi mpaka vishikwe vyote viwili kwa pamoja. Marubani wawili walipovishika, kipande cha dunia kilichokuwa kati ya ndege na uwanja kiligandishwa kisivutike, na umbali wa ziada ukateleza ukaenda zake. Sheria ililazimisha kila ndege kubwa iwe na chombo hicho. Chuoni walifundishwa kwamba umbali unaoteleza huishia kwenye maji matupu.

Mselem alikuwa ameshaweka mkono wake kwenye kifundo. "Twende, Kapteni."

Zuweina aliupeleka mkono wake, ukafika nusu ya njia ukasimama. Kwenye kioo kidogo cha kuonyesha ndege za jirani palikuwa na alama moja nyuma yao, upande wa kushoto, inayowafuata kwa njia ileile. Alijua ni nani kabla hajasoma jina.

"Jibu swali langu moja," alimwambia mwongozaji. "Nikishika nanga, huu umbali unaokwenda kwangu utakwenda wapi?"

"Baharini."

"Kuna ndege ndogo nyuma yangu. Haina nanga."

Kwenye redio zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Ndege ndogo hazimo kwenye mfumo wetu, Kapteni," sauti ya upole ilisema. "Sisi hatuzioni."

Haikusema kwamba hazidhuriki. Alielewa, na Mselem alielewa, wakaepuka kutazamana. Umbali haukuteleza kwenda kwenye maji matupu. Uliteleza kwenda kwa chombo cha jirani kisichokuwa na cha kushikilia. Yamkini ndivyo ulivyofanya siku zote, na watu wa Shirika walikuwa wakijua.

Alibadilisha masafa.

"Yarubu. Unanisikia?"

"Shemeji!" Sauti ilijaa chumba, na nyuma ya sauti ile zilikuja ngoma na vigelegele. "Nakusikia vizuri. Samahani kwa kelele, nimebeba harusi. Bibi harusi yumo, shangazi zake wamo, wote kumi na mmoja wamo na hakuna aliyekaa kitako. Lakini sikiliza, mbona Malé inanikimbia?"

Yarubu alikuwa mume wa Thureya, mdogo wake Zuweina wa tumbo moja. Alikuwa na ndege moja tu, ya injini mbili ndogo, na alikuwa anajivunia ndege hiyo kuliko watu wengine wanavyojivunia watoto.

"Mafuta yako yakoje?" Zuweina aliuliza.

Ngoma ziliendelea kulia nyuma ya Yarubu. "Yananipeleka. Kama haisogei tena, yananipeleka."

"Inasogea, Yarubu."

Akamweleza yote bila kupamba: nanga ni nini, inafanyaje kazi, na nani atakayebebeshwa. Mselem alifumba macho akisikiliza. Zuweina alipomaliza, kulikuwa na wimbo tu kwenye redio, wanawake wanaitikiana juu ya bwana harusi anayengoja bandarini, wanacheka, wanaanza upya.

"Una watu wangapi?" Yarubu aliuliza.

"Mia na kumi na wawili. Na wahudumu watatu, na sisi."

"Mimi na wangu tuko kumi na wawili." Alivuta pumzi, ikasikika ikitetemeka. "Basi shika, shemeji. Usiniulize tena kwa sababu nikipata nafasi ya kufikiri nitakuomba usishike."

Zuweina alizima kipaza sauti.

"Umemsikia," Mselem alisema. "Amekubali mwenyewe. Mia nne na hamsini na sita sasa. Kila tunapokaa hivi tunawaua wote, wake na wetu."

"Nipe kidogo."

"Huna kidogo, dada Zuweina." Hakuwahi kumwita dada wakiwa angani. "Nikuulize kitu, usinichukie. Kama angekuwa mtu baki pale nyuma, mtu usiyemjua jina, mkono wako ungekuwa wapi saa hizi?"

Swali lile lilimchoma kwa sababu alilijua jibu lake. Mkono wake ungekuwa kwenye kifundo. Ungekuwa pale tangu mwanzo, na wala asingeuliza umbali unakwenda wapi. Angefika Malé, angekula samaki wa kuchoma, angelala. Pengine alishafanya hivyo siku nyingine. Alijaribu kukumbuka mara zote alizoshika nanga kwa miaka ile sita.

"Nanga inashika kila kilicho ndani ya mita mia mbili," alisema. "Ndiyo maana tunakatazwa kuitumia karibu na uwanja. Akija ubavuni mwetu itamshika na yeye."

Mselem aligeuka akamtazama. "Yuko kilomita arobaini nyuma. Lazima tupunguze mwendo tumngoje, na umbali unaongezeka. Na ndege yake ni kama kishada, upepo wa mapanga yetu utampindua."

"Najua."

"Na kama hakufika?"

Zuweina alishika usukani, akapiga moyo konde, akapunguza nguvu ya injini.

* * *

Kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya. Ndege ilitulia kama inayosinzia, na kilomita zilizobaki zikapanda bila haraka, mia nne na themanini, mia nne na tisini, huku mafuta yakishuka kwa utaratibu uleule. Mhudumu mmoja aligonga mlango kuuliza kama kuna tatizo, maana abiria wameona mwendo umebadilika. Mselem akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wanapisha ndege nyingine. Mlango ulipofungwa alijifuta uso kwa viganja vyote viwili.

"Wanangu wanaanza shule Jumatatu," alisema, si kwa Zuweina wala kwa mtu yeyote.

Zilipofika mia tano na kumi, wakiwa na mafuta ya mia tano na tano, ndege ya Yarubu ilitokea kwenye kona ya dirisha la kushoto, nyeupe, ndogo, ikiyumba.

"Nimekuona, shemeji. Ya Rabi, wewe ni mkubwa."

"Njoo juu kidogo ya bawa langu, usije nyuma yake. Nyuma kuna upepo."

"Nakuja."

Alikuja kama mtu anayepita ukingoni mwa shimo. Mara mbili upepo ulimshika ukamtupa pembeni, na mara ya pili bawa lake liliinama likaonyesha tumbo la ndege, na kwenye redio ngoma zilikatika, mwanamke mmoja akapiga kelele ya kweli, si ya harusi tena. Abiria wa Zuweina waliokuwa upande ule walikuwa wameamka sasa. Alisikia minong'ono yao ikipita mlangoni. Alijikaza asiitazame ndege ndogo, aitazame dira tu, maana akiyumba yeye kidogo wangekufa wote papo hapo.

"Mita mia tatu," Mselem alisema. "Mia mbili na hamsini. Njoo, bwana, njoo. Mia mbili na kumi."

"Siwezi zaidi!"

"Unaweza!" Zuweina akamjibu.

"Mia na tisini!" Mselem akapaza sauti kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya pamoja. "Sasa, Kapteni!"

Kabla ya kushika, kitu kilimpitia Zuweina kichwani, kidogo na chepesi. Alijiuliza: tukishikwa sote wawili, baada yetu ni zamu ya nani? Ukiacha alama ya Yarubu, kioo cha ndege za jirani kilikuwa kitupu. "Bahari," alijisemea, kwa sababu alihitaji kujisemea kitu. Akashika.

Ndege ilitetemeka kuanzia puani hadi mkiani, halafu ikatulia. Namba kwenye kioo zikaporomoka: mia tano, mia tatu na arobaini, mia mbili na themanini. Mia mbili na sabini. Chini yao mawimbi meupe yakakusanyika tena, yakajaa. Mselem aliweka kipaji cha uso wake kwenye dirisha akalia bila kujificha, mkono wake bado umekakamaa kwenye kifundo. Walikwenda hivyo ubavu kwa ubavu, ndege kubwa na ndege ndogo, hata visiwa vikaonekana.

Yarubu alitua kwanza. Zuweina alipogusa ardhi nyuma yake, taa za mafuta zilikuwa nyekundu zote, maana mwendo wa pamoja na ndege ndogo ulikuwa umekula mafuta mengi. Aliwakuta watu wa harusi kwenye lami, wamepiga magoti, mashangazi wamemshika bibi harusi kana kwamba atapeperuka. Yarubu alikuwa amekaa chini akiegemea gurudumu.

"Nipe mkono," alisema. "Shemeji, leo nusura nimwache mdogo wako mjane."

Zuweina alimwinua, akamkumbatia, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye furaha.

* * *

Mkuu wa zamu ya mnara alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Nazima, na alikuja mwenyewe hadi chini kuwatafuta. Hakuwapa pole wala pongezi.

"Kapteni, mliitumia nanga mkiwa wapi?"

Zuweina alimwambia. Bi Nazima alisikiliza, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayethibitishiwa msiba alioushuku.

"Kuna ndege yetu ya kutua majini," alisema. "Ndogo, ya rangi ya njano. Iliruka kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine huko kaskazini. Ni safari ya dakika ishirini, rubani na walimu watano waliokuwa wanakwenda kusimamia mitihani. Inaruka chini sana, kwenye vioo vyenu haitokei. Muda uleule mlioshika nanga, rubani aliniita. Aliniambia, 'Kisiwa nakiona mbele yangu, naona hata minazi, lakini sikifikii.' Akarudia hivyo mara tatu. Halafu akasema mafuta yamekwisha na anashuka majini. Hapo ndipo nilipompoteza."

Nyuma yao bibi harusi alikuwa ameanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Mmepeleka boti?" Mselem aliuliza.

"Mbili. Zimekwenda, zinakwenda, hazifiki. Zinaniambia bahari haiishi. Helikopta haina mafuta ya umbali huo. Jana palikuwa dakika ishirini. Leo hata sijui ni kilomita ngapi."

Zuweina alitembea hadi kwenye ukuta wa karakana, akauegemea kwa viganja. Watu wawili walimshika mabega na hakujua ni kina nani. Alijua kitu kimoja tu, kwamba alipata nafasi ya kuuliza swali, akaliuliza, na akajijibu mwenyewe kwa uongo kwa sababu kioo kilikuwa kitupu. Rubani yule wa ndege ya njano alikuwa ndiye mtu baki wa Mselem, mtu asiyemjua jina.

Aligeuka. "Nijazieni matangi," alisema. "Yote, mpaka juu. Na nipeni mashua zote za mpira mlizonazo."

"Utaitumia nanga?" Bi Nazima aliuliza, na macho yake hayakupepesa.

"Nikiitumia nitawasukumia mbali zaidi. Hapana. Nakwenda bila nanga."

Yarubu alitaka kupanda, lakini Zuweina alimrudisha kwa watu wake wa harusi. Mselem hakuulizwa. Alikuwa ameshaanza kubeba mashua ya kwanza, uso wake umekunjamana, na alipompita Zuweina alisema kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye niliyekupigia kelele ushike."

"Tulishika wote," Zuweina akajibu.

* * *

Umbali ambao jana ulikuwa wa dakika ishirini waliuruka kwa zaidi ya saa moja, chini kabisa, juu ya maji yaliyonyooka kama shuka. Walizipita boti mbili za uokoaji, ndogo kama mbegu, zikikata maji kwa nguvu zote bila kuonekana kusogea. Mwanamume mmoja kwenye boti ya pili aliwapungia shati.

Ndege ya njano waliipata upande wa magharibi wa pale walipotarajia. Ilikuwa imelala ubavu, bawa moja limezama, na watu walikuwa wamejipanga juu ya lile bawa jingine. Mselem alichukua darubini.

"Watano," alisema.

"Hesabu tena."

Alihesabu tena. Alihesabu mpaka Zuweina akamaliza kuzunguka duara zima, kisha akashusha darubini. "Ni watano, dada."

Waliruka chini, Mselem akafungua mlango wa nyuma akasukuma mashua. Mbili zilichukuliwa na upepo. Ya tatu ilianguka karibu, na mtu mmoja akajitosa kuifuata. Zuweina alikuwa anageuza ndege kurudi pale, redio ikaongea, kwa ile sauti ya upole.

"Kapteni, uko chini ya njia yetu. Tunafungua Mkunjo baada ya robo saa. Tafadhali ondoka eneo hilo, au washa nanga yako."

"Kuna watu majini hapa."

"Hatuoni chombo chochote hapo, Kapteni, isipokuwa wewe."

Zuweina aliitazama mashua ya mpira, wale watu wakivutana kuingia. Kama Mkunjo ungefunguliwa sasa, boti za uokoaji zisingefika leo wala kesho. Na yeye akikaa bila nanga, umbali ungemvuta naye, na mafuta yake yangekwisha juu ya maji yasiyo na mwisho. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyoogopa mchana, kwa sababu sasa alijua sawasawa kitu chenyewe kilivyo.

"Kama mimi unaniona, basi niangalie mimi," alisema. "Nanga nimeizima. Nitazunguka hapahapa mpaka boti zifike. Ukifungua, unafungua juu ya kichwa changu, na jina langu limo kwenye mfumo wako."

"Kapteni, kuna mahujaji mia tatu wameshafunga mikanda Jidda. Niwaambie nini?"

"Waambie Jakarta ni mbali. Ni kilomita elfu saba na mia tisa. Waende kwa saa tisa na nusu, kama walivyokwenda wazee wao."

Mselem alirudi mbele akiwa ameloa maji ya chumvi, akakaa kitini pake, akafunga mkanda. Mikono yake aliiweka magotini, mbali na kile kifundo chekundu.

"Wakifungua?" aliuliza.

"Sijui."

Walizunguka. Kila waliporudi upande wa jua, Zuweina aliitafuta ile mashua kwa macho, akiogopa kuikuta imekuwa ndogo kuliko mara ya mwisho. Robo saa ikapita. Hakuna aliyewaambia kwamba Mkunjo umeahirishwa, wala hakuna aliyewaambia kwamba utafunguliwa. Waliijua habari hiyo kwa macho yao, pale mawimbi meupe yalipoanza kusogeleana taratibu, na boti ya kwanza ikatokea upande wa kusini, ikija kwa mwendo ambao boti huja.

Jidda watu walishushwa wakanung'unika, wakapandishwa ndege ya kawaida, wakafika kwao kesho yake. Mkunjo ulifungwa kwa siku chache, watu wakubwa wakakutana, ukafunguliwa tena kwa masharti mapya ambayo Zuweina hakuyaamini. Yeye alinyang'anywa ruhusa ya kuruka kwa kukaidi amri. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile alitua Malé, akazima injini, akashuka, na Bi Nazima alikuwa anamngoja kwenye ngazi.

"Yule wa sita hakuweza kutoka ndege ilipogonga maji," Bi Nazima alisema. "Alikuwa anaitwa Shiuna. Alifundisha darasa la kwanza. Mama yake amekuja, yuko ndani, hajaambiwa bado ilikuwaje."

Mselem alinyoosha mkono kumzuia. "Siyo leo, dada. Waachie wao wamwambie."

Zuweina alivua kofia yake ya kapteni, akampa Mselem aishike, akaufuata mlango aliouonyesha Bi Nazima.